Somoe Juu ya Bati, Mimi Chini

Mguu wangu umo kwenye plasta hadi mwezi wa kumi na mbili,
na mvua ya Mkunya haina habari na plasta ya mtu.
Basi panda wewe, Somoe mpwa wangu,
mimi nitakaa hapa juu ya kinu kilichopinduliwa
nikuelekeze kwa masikio.

Ngazi itikise kabla haijakutikisa.
Mimi sikuitikisa, ndiyo maana naongea nikiwa chini.

Ngoja, usipande bado. Ingia ndani jua likiwa utosini,
funga madirisha, ziba mlango kwa khanga,
tazama juu kama mwenye kuhesabu nyota:
kila nyota ni tundu.
Chomeka unyasi kwenye kila tundu, utauona ukifika juu.
Wala lisikudanganye beseni la Bi Asumini.
Maji yanapodondokea sipo yalipoingilia;
huingia kama mgeni mwenye haya,
hutambaa na papi hatua tatu, nne,
ndipo yapige hodi kitandani.

Sasa panda. Raba miguuni, si ndala.
Kanyaga ilipopita misumari, maana chini yake kuna mti.
Ukikanyaga katikati bati litasema "mh",
na likishasema "mh" limepinda.

Gonga.
Huo umekosa papi, umelia kama debe. Ng'oa.
Msumari ulioshika mti haulii, unaguna.
Tena.
Enhee. Huo umeguna.

Mgongoni, Somoe, mgongoni mwa wimbi!
Bondeni ni njia ya maji,
na nani afungue mlango mtoni?
Chini ya kofia weka kiduara cha tyubu ya baiskeli,
nimekukatia arobaini, vimo kwenye kopo la maziwa.
Kaza mpaka mpira unenepe, usikaze mpaka upasuke.

Bati jipya lianzie upande wa kusini,
mvua yetu huja na kaskazi;
kila moja limlalie mwenzake wimbi moja na nusu,
mdomo wake uupe upepo kisogo.
Kuna mtu Luchingu, mwaka wa bei nzuri ya korosho,
alilaza nusu wimbi ili ibaki hela ya pikipiki.
Januari pikipiki ililala sebuleni chini ya mwavuli.

Papi lile jeusi libonyeze kwa kucha.
Kucha ikizama, mchwa wameshakula karamu, toa.
Jipya lipake mafuta ya maganda ya korosho mara mbili,
na vaa mifuko mikononi:
mafuta yale hayatofautishi mchwa na fundi.

Na mfereji uzoe majani. Huku kwetu paa ndilo kisima.
Mvua ya kwanza bomba likae nje ya tanki,
ioshe vumbi na mavi ya kunguru.
Ya pili ndiyo ya kunywa.

Unasema? Tundu gani?
Misumari mitano, mstari mmoja, bondeni?

Punguza sauti, mwenyewe yuko jikoni.
Ni mimi, Somoe.
Mwaka ule malipo yalitoka siku moja Newala nzima,
kila mtu anataka bati kabla ya Ijumaa.
Niliezeka nyumba nne kwa siku sita,
hii ya nne, magharibi inaingia, nyundo inanitangulia.
Miaka kumi na moja mama wa watu ananunua mabeseni,
ananiambia, "Bati za siku hizi hazina kitu,"
nami namwitikia, "Hazina kitu."

Ng'oa yote mitano.
Kata kitambaa, kichovye kwenye lami ya moto,
kizidi tundu shubiri nzima kila upande,
kisha paka tena juu yake. Na hela ya leo usipokee.

Nyamaza. Mlango wa jikoni umelia.
Bi Asumini ametoka, hakunisalimu,
ametua beseni lake kuukuu mbele ya plasta yangu.
"Lami yenu," amesema, "ichemshieni humu."